Mke Wangu Anadhani Bwawa Limefunikwa

Mpendwa Bi Winifred wa safu ya ushauri,

Nisaidie kabla mke wangu hajapona nyonga. Najua hiyo si namna nzuri ya mume kuanza barua, lakini ukinisoma hadi mwisho utaelewa, na ukishaelewa utanitukana, na mimi nitayapokea matusi yote mradi uniambie la kufanya.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, nje ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu nyumbani siwezi kushika kalamu bila Bernadine kuuliza ninaandika nini, na kwa wiki nne sasa kila anachoniuliza namjibu uongo, tena naongopa vizuri kuliko nilivyowahi kudhani ninaweza, na hilo nalo linanitisha.

Naitwa Leonard Wojtasik, nina miaka sitini na tisa, na kabla sijastaafu nilikuwa mpima ardhi wa wilaya hii kwa miaka thelathini na minne, yaani ukitoka Toledo kuelekea magharibi ukaona barabara imenyooka bila kuyumba, ujue ni mimi. Bernadine alikuwa karani wa shule na mpaka leo ndiye anayeshona majoho ya kwaya ya parokia. Binti yetu mmoja, Colette, anaishi Pittsburgh na mumewe na mabinti wawili, Tilda wa miaka mitano na Maisie wa mitatu, na nyuma ya nyumba yetu kuna bwawa la kuogelea lenye umbo la korosho, nene upande wa kina na jembamba upande wa ngazi, ambalo tumelifurahia kila kiangazi na kulilaani kila vuli kwa miaka kumi na tisa.

Miaka yote hiyo ikifika Oktoba nililifunika kwa turubai la kijani, nikalizungushia mifuko mirefu iliyojazwa maji ili upepo usiling'oe, na ikifika Januari juu yake kunakuwa na supu ya majani ya mwaloni, barafu, na kindi mmoja au wawili ambao hawakusoma alama za nyakati. Mimi supu ile sikuiona kuwa tatizo. Lakini mwaka jana, Sikukuu ya Shukrani, Colette alisimama kwenye dirisha la jikoni akauliza, "Baba, mtoto akikanyaga pale itakuwaje?" Nikamjibu, "Atalowa." Ulikuwa utani, Bi Winifred. Hakuna aliyecheka, na mwezi wa nne Colette akampigia mama yake simu kusema kwamba hatawaleta watoto tena majira ya baridi mpaka tuweke kifuniko cha usalama, kile cha wavu mgumu kinachovutwa na mikanda na springi hadi kwenye vishikizo vya shaba vilivyozamishwa ndani ya zege, ambacho kikikazwa sawasawa kinambeba mtu mzima.

Hapa ndipo anapoingia shemeji yangu Casimir, mdogo wake Bernadine wa kiume, ambaye sisi wote tunamwita Caz na ambaye maisha yake yote amefanya kazi ya mabwawa. Mwezi wa nane alikuja kula, akafuta mdomo, akasema:

"Shemeji, Jumamosi nakuja kukupimia. Nusu saa, nimemaliza."

"Caz, mimi nimepima wilaya nzima."

"Wilaya haina tumbo, shemeji. Korosho ina tumbo."

"Hata wewe unalo, na sijashindwa kulipima kwa macho."

Bernadine akaniambia, "Len, mwache kijana apime, ndiyo kazi yake." Huyo kijana ana miaka sitini na moja. Nikawaambia wote wawili kwamba siku mtu wa mabwawa atakapoingia uani kwangu na tepu kunipimia mimi, nitakuwa nimeshazikwa. Na ili Caz asiguse jambo hilo hata kwa ncha ya kidole, sikuagiza kupitia kwake, niliagiza kwa kampuni moja ya mbali huko Indiana, wakaniletea fomu.

Fomu ni rahisi, hata wewe ungeweza, samahani, sikukusudia hivyo. Unachagua pointi mbili kando ya bwawa, A na B, unasimama umelitazama bwawa, A inakuwa mkono wako wa kushoto na B wa kulia. Kisha unazunguka bwawa ukiweka alama za chaki zenye namba, kila futi mbili penye ukingo ulionyooka na kila futi moja penye mkunjo, halafu unapima kila alama kutoka A, na tena kutoka B. Nilipata alama sitini na mbili. Nilipima kila moja mara tatu. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile tangu nistaafu, na jirani yetu Thaddeus Krell alikuwa ameegemea ua na kikombe chake cha kahawa, akaniuliza kazi hii inafanywaje, nami nikamgeukia nikamweleza vizuri kabisa, historia ya upimaji na yote, na nikiwa namweleza hivyo, nyundo mkononi, nikapigilia A upande wangu wa kushoto na B wa kulia.

Nilikuwa nimeligeuzia bwawa mgongo.

Kifuniko kilifika wiki ya tatu ya Oktoba, siku ya pili baada ya Bernadine kubadilishiwa nyonga, akiwa bado hospitali, nikajisemea nitamfurahisha, atarudi akute kazi imekwisha. Maji nilikuwa nimeshayashusha, mabomba nimeyapuliza maji yasigande ndani, dawa nimeweka, kilichobaki ni kufunika. Nikakitandaza. Tumbo la kifuniko likaangukia penye kiuno cha bwawa, na ulimi wa kufunika ngazi ukalala juu ya jiko la kuchomea nyama. Nikakizungusha. Nikakizungusha tena. Nilikiburuta duara mara nne kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, jasho linanitoka kwenye baridi, mpaka Krell kutoka kwenye ua akaniuliza, "Hiki ni cha bwawa hili?"

Nikapiga simu Indiana. Yule dada aliyepokea alikuwa mpole, akaniuliza, "Mzee, ulipopima, A ilikuwa kushoto ukiwa umelitazama bwawa?" Nikamwambia ndiyo bila shaka. Akasema, "Kwa sababu vifuniko hivi tunakata kwa vipimo vya mteja, havirudishwi." Nikamwambia nafahamu, nikakata. Uongo wa kwanza ulikuwa huo, na niliusema kwa mtu nisiyemjua, bila faida yoyote.

Nikakikunja, nikakificha kwenye banda la gari nyuma ya mashine ya theluji. Halafu, Bi Winifred, nikafanya kitu ambacho nikikisoma hapa naona kama kimefanywa na mtu mwingine. Nikatoboa zege. Nikapanda vishikizo vya shaba kuzunguka bwawa lote, arobaini na vinne, kwa mistari iliyonyooka ungeipenda. Nikatandaza lile turubai la zamani, ambalo nalo ni la kijani, nikalivuta kwa mipira ile yenye ndoano ya kufungia mizigo kwenye gari, ndoano moja kwenye tobo la turubai, nyingine kwenye shaba. Mifuko ya maji nikaitupa. Kutoka dirisha la jikoni, kwa mtu anayetembea akishikilia fremu ya chuma na ambaye daktari amemkataza kushuka ngazi za uani, hakuna tofauti.

Aliporudi kutoka hospitali jambo la kwanza alikwenda dirishani. Akasimama pale na fremu yake muda mrefu. Nilidhani ameng'amua. Kumbe alikuwa analia. Akanishika mkono akasema, "Asante, Len. Sasa watakuja." Na hapo hapo akampigia Colette, akamwambia kifuniko kipo, baba yako amekifunga mwenyewe, kinabeba hata lori, njooni.

Ningesema saa ile. Najua. Mdomo niliufungua. Bernadine akaniambia nisalimie, Colette upande wa pili akasema, "Baba, ahsante sana, hujui nilivyokuwa na wasiwasi," na mimi nikasema, "Usijali, mwanangu."

Jumanne iliyopita ilinyesha usiku kucha, na asubuhi maji yakawa yamesimama juu ya turubai, jambo ambalo kifuniko cha wavu hakifanyi maana maji yanapita. Nikatoka haraka na ufagio kabla Bernadine hajaja jikoni, nimevaa koti la bafuni na ndara. Nikainama. Ndara ikateleza. Mipira mitatu ikafyatuka kwa pamoja na turubai likashuka nami ndani.

Nataka nikueleze hili vizuri kwa sababu sijamweleza mtu. Huanguki ndani ya maji, unaangukia ndani ya turubai, na turubai ndilo linaloingia majini na wewe, likikukunja pande zote kama kabichi ndani ya pierogi, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi. Sikujua juu ni wapi. Kila nilipoweka mkono kulikuwa na plastiki, na plastiki ilikuja na mkono. Nilisimama kwa sababu nilikuwa upande wa ngazi na miguu yangu ikagusa chini, basi. Nilipotoka nilikaa kwenye zege, na unajua kichwa changu kilifanya nini? Kilipima. Maji pale nilipoangukia ni futi tatu na inchi mbili. Maisie ana futi tatu na inchi moja. Nilimpima mwenyewe mwezi wa saba.

Bernadine alinikuta kwenye ngazi nachuruzika maji, akauliza kulikoni. Nikamwambia nilikuwa naosha gari.

Sasa Sikukuu ya Shukrani inakuja, wanafika Jumanne ya wiki ile na watakaa siku tano, na daktari amemwambia Bernadine wiki hii aanze kutembea nje mahali tambarare, na mahali tambarare petu ni kando ya bwawa. Nimefikiria kusema nina ugonjwa wa mkanda wa jeshi ili wasije. Nimefikiria kuzungushia bwawa utepe wa manjano niseme kuna mnyama rakuni mwenye kichaa cha mbwa. Nimefikiria kukaa uani siku zote tano kwenye kiti nikilinda. Ninachoshindwa kufikiria ni kumwambia Bernadine, na zaidi ya Bernadine, Bi Winifred, nisikufiche, ni kumwona Caz akicheka. Je, hilo la mkanda wa jeshi litaaminika? Au kuna njia ambayo sijaiona?

Wako aliyekwama,
Leonard Wojtasik

*

Leonard,

Wasomaji wangu wanajua kwamba barua hapa zinasubiri zamu, nyingine zinasubiri mpaka mwandishi ameshaachika na kuoa tena. Yako nilisoma Ijumaa saa nne asubuhi, nilipofika kwenye futi tatu na inchi moja nikaiweka chini, nikatafuta namba yako, nikapiga. Mambo ya ndoa yanaweza kungoja gazeti. Mtoto wa miaka mitatu hangoji.

Akapokea Bernadine.

"Len yuko nje," akaniambia, "anafagia kifuniko. Tangu tukiweke amekuwa akikifagia kila siku. Sijawahi kumwona anapenda kitu hivyo."

Nilijiuma ulimi, Leonard. Nataka ujue ilinigharimu. Ulipokuja kwenye simu nilikwambia maneno machache na nitayarudia hapa, maana huenda kuna mwingine ndani ya gari nje ya duka fulani anayahitaji: una muda mpaka saa sita mchana kumwambia mkeo, na saa sita na dakika moja nitampigia tena mimi. Ukaniuliza kama mkanda wa jeshi hautafaa. Nikakata.

Sasa tuyaongee yote, na tuanze na kukuhurumia, maana nakuhurumia kweli. Mtu aliyefanya kazi moja kwa miaka thelathini na minne na kuifanya vizuri, siku anastaafu anapewa keki na kalamu, na kesho yake hakuna anayemuuliza tena barabara ipite wapi. Halafu linakuja bwawa, na ndani ya kipande kidogo cha uani unarudi kuwa mtu anayejua kitu. Shemeji anataka kukupokonya hicho nacho kwa nusu saa. Ningekuwa wewe ningemkatalia. Hapo sikulaumu.

Na hata A na B sikulaumu. Mimi na marehemu mume wangu tulifunika bwawa letu miaka ishirini na miwili, na mwaka wa kwanza tuliagiza kifuniko tukapima bwawa bila kupima ngazi. Kukosea ni sehemu ya kuwa na bwawa, kama mwani.

Lawama yangu inaanzia kwenye vile vishikizo arobaini na vinne. Kuanzia hapo hukukosea tena, ulijenga. Ulitoboa zege ili uongo ukae imara. Ungetumia ustadi huo huo kufungua mdomo, tusingekuwa hapa. Na hebu nikuulize, mzee mzima: ulipotoka kwenye yale maji Jumanne, umeshajua kwa mwili wako mwenyewe kinachotokea mtu akianguka pale, ulichofanya ni kubadilisha nguo na kurudisha turubai mahali pake. Siku hiyo ndiyo nakukasirikia. Nyingine zote ni upumbavu, na upumbavu nimeuzoea, ndio unaoniweka kwenye kazi hii.

Yaliyofuata sikuyaona, ila Bernadine alinipigia jioni ile akanisimulia, na ananiruhusu kuyaandika. Alikuwa amekaa mezani anamenya viazi. Ulisimama mlangoni ukasema yote kwa pumzi moja, mpaka lile la kuosha gari. Anasema alimenya kiazi chake mpaka mwisho. Kisha akasema neno moja:

"Simu."

Akampigia Colette kabla hajakwambia lolote wewe. Akamwambia, "Kifuniko hakipo. Baba yako aliniongopea na mimi nikakuongopea bila kujua. Usifungashe bado." Hivyo ndivyo inavyofanywa, Leonard. Tazama ilivyo fupi.

Halafu akachukua fremu yake, akakuamuru umsaidie kushuka mpaka kwenye banda la gari, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakwambia utoe hicho kitu. Ukakitoa. Akashika pindo, akalipapasa pande mbili kwa vidole kama anavyopapasa kitambaa dukani.

"Len. Fundi nguo akikata mkono wa kushoto kisha akajisahau akakata mwingine wa kushoto badala ya wa kulia, anafanyaje?"

"Anatupa mmoja?"

"Anageuza kitambaa! Anageuza tu nje kuwa ndani, mjinga wewe, unakuwa wa kulia!"

Anasema ulimtazama kama mtu aliyeonyeshwa moto kwa mara ya kwanza. Umezungusha kitu kile uani mara nne, ukiwa na hesabu zote za wilaya kichwani, na hukuwahi kukigeuza kifudifudi. Mkaita yule jirani yenu Krell, mkakibeba, mkakipindua, mkakitandaza. Tumbo likaenda penye tumbo na ulimi ukalala juu ya ngazi. Ulipotaka kushangilia Bernadine akakwambia usimguse bado.

Na alikuwa sahihi kutokushangilia. Alipiga simu Indiana mwenyewe, akamweleza yule dada mpole ukweli mtupu, na yule dada akamwambia wavu wenyewe uko sawa pande zote mbili, lakini mikanda imeshonwa ikae juu, na chini kuna viraka vinavyozuia ukingo wa zege usikate wavu, na sasa viraka hivyo vinatazama mawingu. Kwa hiyo kisitegemewe kubeba mtu mpaka fundi aliyesomea akague kila mkanda, ahamishe viraka, na akaze springi kwa kipimo. Bernadine akauliza fundi wa karibu mwenye kibali ni nani. Yule dada akatafuta kwenye orodha yake, akasoma jina.

Casimir.

Bernadine anasema ulikaa chini juu ya ile ndoo.

Basi ushauri wangu ni huu, na wengine wenye bwawa sikilizeni pia, maana mvua na theluji haziulizi nani ni shemeji ya nani.

Kwanza lile turubai likate vipande leo, usiliweke akiba. Turubai halina ubaya kwa bwawa lililozungushiwa ua unaofungwa kwa ufunguo, kwenye nyumba isiyofika mtoto, na kwa mtu atakayetoa maji juu yake kwa pampu kila inaponyesha. Linazuia jua, na ukilitunza maji yanabaki safi mpaka masika. Lakini halibebi kitu, halikuumbwa kubeba, na anayelivuta lifanane na linalobeba anatega mtego. Nyumba yenye wajukuu inataka wavu wa mikanda. Nao una kero yake, Leonard, nikwambie mapema usije ukaniandikia tena mwezi wa nne: mwanga kidogo unapita, na vumbi linapita na mvua, kwa hiyo funika maji yakiwa yameshapoa sawasawa, weka dawa ya mwani kabla hujafunga, na fungua mapema masika kabla jua halijapata nguvu, ama sivyo utakuta mchicha. Maji usiyashushe mno chini ya wavu, maana theluji ikilala juu kifuniko kinaegemea maji yaliyo chini yake. Majani yafagie kabla hayajaloa. Kila baada ya dhoruba zunguka uangalie springi. Iliyolegea inaonekana kwa macho, na iliyokatika inasikika. Theluji usiipige kwa koleo la chuma. Na ukikivua masika kioshe, kikauke kabisa, kikunje, kitie ndani ya mfuko wake kining'inie, panya wasilale humo, maana panya wanakipenda kuliko sisi tunavyokipenda. Mwaka mwingine ukiagiza, mpime mkiwa wawili, mmoja asome na mwingine aandike, na asiyeandika asiongee na jirani.

Bernadine yeye mwachie kasi yake. Usimnunulie maua. Mtu aliyeongopewa akiwa hawezi kutembea anahitaji kutembea, kwa hiyo kila siku mshike mkono mzunguke bwawa, na akikuuliza swali, hata kama ni kuhusu hali ya hewa, jibu kweli. Colette ameshamwambia mama yake kwamba atakuja, kwa sharti moja, kwamba mjomba Caz aseme kwa mdomo wake mwenyewe kifuniko kiko salama. Hatachukua neno lako. Atakuja kulichukua siku moja, lakini si Sikukuu hii.

Imebaki shemeji yako. Nilimuuliza Bernadine kama nifiche majina, kama tunavyofanya siku zote. Akasema, "Andika yote, na la kaka yangu usisahau. Wiki nne mimi nilikuwa siwezi kutoka nje. Acha sasa Len atoke nje, mji mzima ukimtazama."

Caz atacheka, ndiyo. Atacheka mpaka akae chini, na atacheka tena Krismasi. Halafu atapiga magoti kwenye zege, na ile miaka sitini na moja yake, na atakagua mikanda arobaini na minne mmoja mmoja, kwa sababu wale watoto ni wake pia. Mpigie wewe. Asiambiwe na dada yake, na asiambiwe na mimi.

Gazeti hili linafika kwenye masanduku ya barua Alhamisi saa mbili asubuhi, na Bernadine ananiambia kaka yake huanza kulisoma kwenye ukurasa wangu. Kwa hiyo kama macho yako yamefika kwenye mstari huu na bado hujainua simu, Leonard, weka gazeti chini uvae viatu. Ameshasoma, na kutoka kwake mpaka kwako ni dakika nne.